Ukuta Unaoamkia Wageni

Kamera ilifungwa wiki moja baada ya Pasaka, juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo picha ya harusi ya Asteria ilikuwa imetundikwa tangu nyumba ipigwe rangi. Fundi Cornel, aliyetoka Kahama na begi la nyaya mgongoni, aliitoa picha ile akaiegemeza kwenye kochi. Alisema pale ndipo penyewe, maana sebule nzima inaonekana, na mlango wa nje, na hata kipande cha jiko.

"Na hii picha je?" Asteria aliuliza.

"Utaiweka chumbani, mama. Chumbani hatufungi kitu."

Kilikuwa kidude cheupe, kidogo kama yai la bata, chenye jicho moja jeusi. Pembeni yake Cornel aliweka kisanduku cha intaneti, akakiunga kwenye betri ya sola, kisha akampigia Mihayo. Huyu Mihayo alikuwa mtoto wa pekee wa Asteria, mfanyakazi wa bandarini Mtwara, na kutoka Masumbwe mpaka Mtwara mtu anasafiri hadi miguu inavimba. Mara jicho likazunguka lenyewe, likamtazama Asteria usoni, na sauti ya mwanawe ikatoka ukutani: "Shikamoo, Mama!"

Asteria alipiga yowe. Cornel akacheka, Mihayo akacheka huko aliko, na Asteria naye akacheka, kwa sababu ni kweli, sauti ya mtoto ikiingia ndani ya nyumba tupu inafurahisha.

Hakuikataa kamera tangu mwanzo, na alikuwa na sababu. Mwaka uliopita, kipindi cha mvua, aliteleza sebuleni. Yale marumaru yanayong'aa aliyaweka Mihayo mwenyewe, akisema sakafu ya saruji imepitwa na wakati. Asteria alilala pale chini tangu asubuhi, paja linamuuma hawezi kuinuka, huku simu yake ya kitochi ikilia chumbani. Makoye, mtu mzima aliyeajiriwa kuchunga ng'ombe wa nyumba ile, alikuwa mbali malishoni. Aliyemkuta ni Hosiana, Mama Boaz, jirani yake, aliyepita jioni kumsalimia kama alivyozoea. Mihayo alipopata habari alilia kwenye simu kama mtoto aliyechapwa, na kilio kile hakikumtoka Asteria moyoni. Kwa hiyo Mihayo aliposema anatuma fundi, angesemaje hataki?

"Taa ikiwa ya bluu, Mihayo anakuona na kukusikia," Cornel alimweleza kabla ya kuondoka. "Ikiwa nyekundu, ujue mtandao hakuna."

Asteria alikodoa macho. Akiwa amekaa kwenye kiti chake, na macho yake yale yenye ukungu, bluu na nyekundu zote zilikuwa doa moja tu.

"Na mimi nifanye nini?"

"Hufanyi chochote, Mama," sauti ya ukutani ilijibu badala ya fundi. "Ile simu ya kupangusa ilikushinda, sawa. Hii haina kubonyeza. Wewe ishi tu."

Lakini kuishi tu ndiko kulikokuwa kugumu. Sauti haikupiga hodi. Asteria anakoroga uji asubuhi, sauti inamwambia, "Mama, umekunywa dawa ya presha?" na mwiko unamtoka mkononi. Amejinyoosha kwenye kochi mchana, usingizi ndio unaanza kumwonjesha utamu wake, "Mama, usilalie mkono, utakufa ganzi." Kuku akiingia ndani, Mihayo anamfukuza kutoka Mtwara, "Shii! Shii!" na kuku hatoki, anazunguka tu akimtafuta mtu huyo yuko wapi.

Asteria akaanza kufunga kitambaa kichwani vizuri kabla hajatoka chumbani, kama anakwenda kanisani. Akaacha kukaa amenyoosha miguu mkekani. Ugoro wake, ambao Mihayo aliamini aliuacha zamani, akawa anakwenda kuunusia nyuma ya bafu. Siku moja alijikuta amesimama mbele ya mlango wa sebule yake mwenyewe, anakohoa kidogo ili ajulikane kwamba anaingia. Akajiuliza anamkohoa nani.

Hosiana naye akabadilika. Walijuana tangu wote wawili ni maharusi wapya katika mtaa ule, na kwa Asteria alikuwa haingii kwa hodi. Aliita tu salamu yao ya Kisukuma, "Mwangaluka!" mlangoni, huyo ameshafika jikoni. Wangekaa wabangue karanga na kuzungumza mambo ya watu, nani kaoa, nani kaachwa, nani kapata mawe ya dhahabu na kesho yake kayanywa yote. Sasa alikaa ukingoni mwa kiti.

"Anatuona sasa hivi?" alinong'ona.

"Sijui."

"Anasikia?"

"Mama Boaz, sijui. Ongea tu."

Wakaongea habari za mvua. Zilipoisha, wakaongea tena habari za mvua.

Kisha ikaja siku ya hotpoti. Hosiana alikuja na matobolwa ya moto, viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, ndani ya hotpoti nyekundu. Wakala na karanga mpaka wakakomba. Hosiana akaisuuza hotpoti yake jikoni, akaitia kwenye mfuko, akaaga. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa nje sauti ilipotoka ukutani.

"Shikamoo, mama."

Hosiana akasimama. Akatazama nyuma yake, kisha akainua macho juu ya kabati. "Marahaba," alisema taratibu.

"Samahani sana, mama. Huo mfuko una nini?"

Asteria aliyasikia maneno hayo lakini hakuyaelewa mara moja. Alidhani Mihayo anamwuliza yeye.

"Maana naona ni kama hotpoti," Mihayo aliendelea kwa ile sauti yake ya kikazi, ya upole. "Mke wangu Juliana alimnunulia Mama moja nyekundu kama hiyo. Nataka kujua tu, isije ikasahaulika."

Hosiana akaitoa hotpoti mfukoni. Akaiinua kuelekea lile jicho, kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa askari barabarani, kisha akaigeuza kitako juu. Pale chini, kwa rangi ya kucha, palikuwa pameandikwa MAMA BOAZ, kama wanawake wanavyoandika vyombo vyao ili visipotelee misibani.

"Soma," alisema.

Jicho likashuka mpaka kwenye maandishi.

"Ahaa. Sawa, mama. Samahani, nilikuwa nauliza tu."

"Mama Boaz..." Asteria alianza, akijikokota kutoka kwenye kiti. Alipofika mlangoni, mwenzake alikwisha vuka uzio wa minyaa, anakwenda mbio mbio, hotpoti ameikumbatia kifuani bila mfuko.

Jambo lile lingemuuma mtu yeyote, lakini kwa Hosiana lilikuwa na mzizi. Boaz, mwanawe, alikuwa mchimbaji mdogo, na miaka ya nyuma aliwahi kukamatwa na viroba vya mawe kutoka kwenye duara, shimo la dhahabu, la mtu mwingine. Akakaa ndani, akatoka. Tangu hapo Hosiana hakuingia nyumba ya mtu na kutoka na mfuko bila kuwaza watu wanawaza nini. Nyumbani kwa Asteria peke yake ndiko alikokuwa hawazi hivyo.

Asteria alirudi sebuleni. Akasimama katikati ya marumaru, akainua kidole.

"Mihayo! Unanisikia? Leo utanisikia. Mimi sijakulea hivi. Yule unayemwuliza ana nini mfukoni ndiye aliyekubeba mgongoni nilipolazwa na homa ya manjano, wewe bado unanyonya, akakunyonyesha ziwa moja na Boaz. Hukumbuki, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka jana mimi nimelala hapa chini kama gunia, nani aliniokota? Ni kamera? Kamera ilikuwa bado dukani! Aliniokota yeye, akanisafisha, na mimi nilikuwa nimejichafua, Mihayo, na hajamwambia mtu hata mmoja mpaka leo. Sasa wewe unamfanya mwizi ndani ya nyumba yangu, mbele yangu, na shikamoo juu yake! Nilikuwa naogopa kukwambia mambo ya hiki kidude ili usije ukalia tena. Lia. Leo lia, lakini hiki kidude kitoke!"

Alinyamaza, anahema. Akangoja. Hajawahi katika maisha yake kumsemesha mwanawe hivyo, na hapo alipokuwa amesimama alihisi mwili umekuwa mwepesi. Akaendelea kungoja. Akadhani Mihayo analia, akaanza kumhurumia. Akakaa. Mpaka Makoye aliporudisha ng'ombe ndipo Asteria alipomwita ndani amtazamie.

"Taa hiyo ni ya rangi gani?"

Makoye akanyoosha shingo. "Nyekundu, mama."

Alikuwa ameumwaga moyo wake wote mbele ya ukuta.

Asubuhi, wakati anazoa majivu jikoni, sauti ikaja changamfu kabisa: "Mama, umeamkaje? Jana bando lilikata mara tu baada ya mama Boaz kutoka. Nimeshaweka lingine. Kulikuwa na jipya?"

Asteria alitafuta yale maneno ya jana. Hayakuwepo. Homa ya manjano, ziwa moja, gunia, yote yalikuwa pale lakini yamepoa, na mtu hawezi kukasirika mara mbili kwa mpangilio ule ule.

"Umemkosea Mama Boaz," ndiyo yote aliyopata.

"Mimi? Mama, nilimwamkia kwanza. Nikaomba samahani mwanzo, nikaomba samahani mwisho. Nimemkosea wapi?"

"Umemwuliza ana nini mfukoni."

"Si kuuliza tu! Mama, hujui watu wa siku hizi. Wewe uko peke yako, moyo wako mweupe..." Hapo sauti ikaanza kukatika, "...ma... yako... usala..." kisha ikafa. Asteria akabaki na kijiko cha majivu mkononi. Akampigia kwa kitochi. Simu ikapokelewa mara moja: "Mama, niko kwenye kikao, nitakuangalia baadaye."

Hakusema atampigia baadaye. Alisema atamwangalia.

Siku iliyofuata alichukua fimbo yake akaenda kwa Hosiana. Alimkuta anapepeta mpunga uani. Hosiana akamletea kigoda, akamletea maji, akamwuliza paja linaendeleaje. Mambo yote yalikuwa ya heshima, na heshima yenyewe ndiyo iliyomtia Asteria baridi. Baina yao hapakuwahi kuwa na kuleteana kigoda.

"Nimekuja kwa lile jambo la mtoto," Asteria alisema.

"Lile limekwisha."

"Halijakwisha. Umekasirika."

Hosiana aliweka ungo chini. "Na wewe sijakukasirikia, Mama Mihayo, na Mungu ananiona. Hata mtoto simchukii, ana hofu yake. Lakini nitakwambia ukweli. Mtu akinishuku, mimi namtazama machoni, namjibu, yanakwisha. Mtoto wako nilimtazama wapi? Nimeinua chombo changu juu nakionyesha ukuta! Nilipofika hapa nikajicheka, kisha nikalia. Nyumba ambayo ukuta unaniamkia, mimi siingii tena. Wewe njoo huku."

"Huku ni mbali kwa huu mguu."

"Najua," Hosiana alisema, akachukua ungo wake.

Nyumba ikawa kimya kuliko ilivyokuwa kabla ya kamera. Wanawake wengine nao walikwisha pata habari. Waliokuwa wakipita kuazima chumvi sasa waliita kutoka kwenye minyaa, "Mama Mihayo, hujambo huko?" wakaendelea na safari yao. Mihayo alimwona mama yake kila siku, na kila siku alimwona amekaa vizuri, hajaanguka, dawa amekunywa. Aliridhika.

Jumamosi moja Asteria alikuwa anajiandaa kwenda kwenye sala ya jumuiya. Alitaka kunusa ugoro kidogo kabla ya kutoka, mguu ulimuuma, na safari ya nyuma ya bafu aliiona ndefu. Akavua khanga begani, akairusha juu ya kabati. Mara ya kwanza ilianguka. Mara ya pili ikalifunika lile yai lote. Akakaa kwenye kiti chake, akanyoosha miguu yote miwili, akanusa, akapiga chafya ya nguvu iliyomtoa machozi. Hakukumbuka mara ya mwisho kupiga chafya vile. Kisha akafunga mlango kwa ufunguo akaenda zake, kitochi kikibaki chumbani kwenye chaji na khanga ikiwa pale pale.

Jumuiya siku hiyo ilichelewa kumalizika. Aliporudi, kabla hajafika kwenye uzio, alisikia vilio.

Uani palijaa watu. Mwenye duka la mbolea alikuwepo, na vijana wa bodaboda na pikipiki zao, na wanawake wawili wamekwisha jifunga khanga viunoni kama wanaokaribia msiba. Mlango wake wa mbao ya mninga ulikuwa umelala chini, bawaba zimeng'oka, na Makoye amesimama juu yake na shoka mkononi. Asteria akaweka mkono kifuani.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Wote wakageuka. Mmoja wa wale waliokuwa wakilia akanyamaza ghafla, akamtazama kwa hasira, kana kwamba amedhulumiwa.

"Si wewe!" alisema mwenye duka. "Mtoto wako kapiga simu kwa mtaa mzima. Anasema nyumba imekuwa giza, simu yako inalia ndani na hupokei, uko sakafuni unakufa. Nimeacha duka wazi, mama!"

Asteria akapita katikati yao. Ndani ya sebule, mgongo umeinama, alikuwapo Hosiana. Ameingia. Amekagua chumbani, amekagua bafuni, amechungulia mpaka uvunguni mwa kitanda, na magoti yake yote yana vumbi. Alipomwona mwenzake mlangoni alikaa chini pale pale kwenye marumaru, akajifunika uso.

Na juu ya kabati, chini ya khanga, sauti ilikuwa bado inaita: "Mama! Mama! Jamani, kuna mtu humo? Mama!"

Asteria akaivuta khanga. Jicho likazunguka, likamtafuta, likampata.

"Mama! Ulikuwa wapi? Mungu wangu, ulikuwa wapi?"

Sasa alikuwa anasikika, hilo halikuwa na shaka. Mtaa mzima umesimama mlangoni unasikiliza. Yale maneno yote aliyoyamwaga siku ile yangefaa sasa. Lakini akamwona Hosiana na vumbi lake, akaona mlango chini, na yale maneno akayaacha.

"Nilikuwa kwenye sala," alisema. "Na huyu hapa ni Mama Boaz. Amenitafuta mpaka uvunguni. Mwombe radhi, Mihayo."

"Mama, mbele ya watu wote..."

"Ulimwuliza mbele yangu. Mwombe."

Kisha sauti ikasema, ikiwa ndogo, haina tena ule upole wa kikazi: "Mama Boaz, nisamehe."

Hosiana aliinuka kwa kushika kochi, akajipangusa magoti. Hakuinua macho juu. "Mwambie akija kwa miguu yake nitamsikia," alimwambia Asteria, akatoka, watu wakampisha.

Jioni waliongea kwa simu, mama na mwana, kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kuongea tangu aende Mtwara. Asteria alisema anataka kidude kitolewe. Mihayo alisema sawa, kitatolewa, kisha akasema, "Lakini mimi sitalala, Mama. Kila simu itakayolia nitajua ndiyo hiyo." Asteria alisema na yeye je, anayekaa na kuta? Mihayo alisema njoo basi tukae wote Mtwara. Asteria aliuliza ng'ombe amwachie nani, na kaburi la baba yake Mihayo je. Walizunguka hivyo mpaka salio likaisha, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Fundi Cornel akarudi. Akatundika mlango mpya, wa chuma safari hii, akaihamisha kamera kutoka juu ya kabati mpaka juu ya mlango wa koridoni, itazame sakafu zaidi kuliko viti. Mihayo aliahidi kwamba mgeni akiwepo hatasema neno. Asteria alimpelekea Hosiana ahadi hiyo. Hosiana aliisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na sebuleni hakuingia.

Alichokubali ni kuja nyuma ya jiko, pale ambapo jicho halifiki. Wakaweka vigoda viwili na gunia la karanga. Jua likipanda wanahamia upande wa pili wa ukuta, mvua ikinyesha Hosiana anakwenda kwake. Mazungumzo yakarudi, si yote, ila yalirudi. Siku moja Hosiana alikuwa anamsimulia habari za Boaz na mwanamke aliyempata huko machimboni, na amefika pale patamu hasa, sauti iliposikika kutoka ndani.

"Mama? Sikuoni. Uko wapi?"

"Nipo!" Asteria alipaza sauti.

"Mama? Upo?"

"Nipo nyuma! Nipo!"

"Mama?"

Haikusikia. Kutoka nyuma ya jiko haikusikia kamwe, hata angepasua koo, na akichelewa, mtaa utapigiwa simu tena. Hosiana aliinamisha kichwa, akaendelea kubangua. Asteria akashika fimbo, akajiinua, paja likalia. Akazunguka jiko, akaingia kwa mlango wa chuma, akapita sebuleni mpaka koridoni, akasimama chini ya lile jicho, akainua uso.

"Nipo."

"Ahaa. Haya, Mama. Nilikuwa naangalia tu."

Akarudi polepole, akakaa. "Enhe," alimwambia mwenzake. "Huyo mwanamke akasemaje?"

Hosiana alifikiri kidogo. "Aa, si lolote," alisema. "Yalikuwa maneno tu."